Pori Zima Ukutani: Mara ya Kwanza Mbele ya Pilipili, Mwenze na Bela

Nianze na samaki, maana ndio walionikamata kwanza na mpaka sasa hawajaniachia. Wanakuja kundi zima kutoka kona ya chini, wamenona, wana rangi ya kutu na ya maziwa, kila mmoja na magamba yake yaliyochorwa gamba kwa gamba. Wakifika katikati ya karatasi kundi linapasuka, nusu wanakimbilia juu, nusu wanazama. Kwa nini? Mamba! Amelala upande wa kulia, kinywa wazi, na mkia wa samaki mmoja bado unachezacheza kati ya meno yake. Na maji, jamani, hayo maji! Hakuna sehemu ya karatasi iliyoachwa tupu, hata ya upana wa ukucha. Nyuma ya samaki, kati ya samaki, chini ya tumbo la mamba, kote kumejazwa vidoti vya buluu na vyeupe, vidogo kiasi kwamba ukirudi nyuma hatua tatu huvioni tena, unaona tu maji yanasogea. Hakuna anga. Hakuna ukingo wa mto. Hujaonyeshwa ziwa kutoka nchi kavu. Umetumbukizwa ndani, na mamba yumo.

Huyu ndiye Pilipili Mulongoy. Jina lake nimelijua tangu nianze kupenda picha, lakini nilimjua kwenye kurasa laini za vitabu, zile kurasa zinazong'arisha kila kitu mpaka wino wote unafanana. Sasa nimemwona uso kwa uso, hapa hapa Lubumbashi. Na si yeye peke yake! Pembeni yake, ukuta uleule, Mwenze Kibwanga. Na upande wa pili, karibu na mlango wa jikoni, Bela. Mabingwa watatu wa Hangari, ile karakana ya uchoraji ya mji huu, sebuleni kwa mtu, juu ya makochi, mita chache kutoka mahali watu wanapokula bukari! Naandika haya mwili ukiwa bado una joto la kuwaona, na sitaki upoe kabla sijamaliza.

Nyumba yenyewe sitaitaja, kwa heshima ya wenyewe. Ni nyumba ya zamani yenye baraza na mwembe uani. Mwenyeji ni mama mtu mzima, na marehemu mume wake alizipata picha hizi enzi ambazo wachoraji wenyewe walikuwa wakipita barabarani na mtu akawasalimia. Nilisimama mbali kwanza, mikono nyuma, kwa hofu ya pumzi yangu kuzidhuru. Mama akacheka. "Karibia, mwana," akaniambia. "Inaogopaka jua. Haiogopake bantu."

Basi nikakaribia. Na hapo ndipo nilipogundua vitabu vimetunyima kiasi gani. Kitabu kinakupa umbo la mamba, hakikupi unene wa rangi. Kitabu hakikuonyeshi kwamba vile vidoti havilingani, kwamba mkono uliviweka kwa zamu, safu kwa safu, ukichoka unavikuza kidogo, ukipata nguvu unavibana tena. Ukiangalia kwa karibu unaweza kufuata siku ya kazi ya Pilipili. Unaona alipoanza, pembeni mwa pezi la samaki mkubwa, ambapo vidoti ni safi na vimenyooka. Unaona alipofika jioni. Nimeangalia picha nyingi maishani, na sikumbuki nyingine iliyonionyesha uvumilivu wa mtu waziwazi namna hii.

Kwa msomaji asiyewajua, ngoja nieleze haraka, maana historia yao ni ya mji huu. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, mji ukaanzishwa 1910 ukaitwa Élisabethville, na 1911 tanuri likatoa shaba ya kwanza. Kazi ikaita watu: Waluba kutoka kaskazini, watu wa Rhodesia na Nyasaland, baadaye wa Rwanda na Urundi, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Mwaka 1946, katikati ya mji huo wa moshi na ving'ora vya zamu, Mfaransa aliyewahi kuwa mwanajeshi wa majini, Pierre Romain-Desfossés, akafungua karakana ya uchoraji. Aliipa jina refu, Académie d'art populaire indigène. Watu wakaiita Hangari, na jina hilo ndilo lililobaki.

Utaratibu wake ulikuwa huu: hakuwapa wachoraji picha za Ulaya waige, hakuwafundisha kupima umbali kwa mistari inayokutana mbali. Aliwapa karatasi, rangi na brashi, akawataka wachore wanachokijua na wanachokikumbuka. Na walichokikumbuka hawa wanaume, wakiwa katika mji wa tanuri, kilikuwa nini? Ndege. Swala. Samaki. Nyoka anayepanda mti kufuata kiota. Mtu mwenye upinde. Mto.

Sitaki kumfanya Romain-Desfossés mtakatifu. Alikuwa mtu wa zama zake. Aliamini ipo roho moja safi ya Kiafrika inayopaswa kulindwa dhidi ya Ulaya, huku Ulaya chumbani mle ikiwa ni yeye mwenyewe, aliyeshika rangi na kuamua picha ipi inafaa. Neno "indigène" kwenye jina la karakana linasema yote kuhusu nani alikuwa akimwita nani. Nayajua hayo, na bado nikiwa mbele ya ukuta ule nasema: mkono uliochora mamba huyu haukuamriwa na mtu. Hakuna Mfaransa anayeweza kumwambia mtu namna samaki anavyojikunja kivuli kikimpitia. Hilo unalijua au hulijui.

Pilipili alizaliwa 1914, akafariki 2007. Kabla ya Hangari alikuwa akipaka rangi majengo, na napenda sana kulifikiria hilo: mtu wa brashi pana na kuta nyeupe, kisha siku moja anapewa brashi nyembamba na kuambiwa ajaze karatasi. Na akajaza kweli! Katika kazi zake nyingi nilizowahi kuziona zimechapishwa, na sasa katika hii niliyoiona kwa macho yangu, uwanja wote una uhai: nyasi, mawimbi, mchanga, majani, vyote kwa vidoti na vistari. Mnyama hajawekwa juu ya pori. Ametokana nalo, kwa vidoti vilevile, mpaka ukiondoa mstari mwembamba unaomzunguka atayeyuka arudi majini.

Na tafadhali msidhani ni pori la kadi za posta. Nilishangazwa na ukali wake. Picha nyingi za Pilipili zina mtu anayekula na mtu anayeliwa, nikiruhusiwa kuwaita watu. Ndege anamdonoa mdudu, nyoka anafuata makinda, mamba anavunja kundi la samaki. Lakini hakuna damu, na hakuna uovu. Mamba wa sebuleni hana sura ya shetani. Ana macho ya duara, makini, ya mtu aliye kazini. Watu waliokwenda kutazama wanyama kwa gari wangemchora kwa hofu au kwa mapenzi. Pilipili anamchora kama jirani ambaye desturi zake anazijua, na ambaye hatamkaribia bila sababu.

Binadamu yuko wapi humo? Hayupo! Nilimtafuta kila pembe. Kisha nikaelewa, nikapata baridi mgongoni: yupo mahali niliposimama mimi. Picha imepangwa kwa jicho la mtu aliyeinama kwenye mtumbwi, anayeangalia chini, anayehesabu samaki na kumwogopa mamba kwa wakati mmoja. Uhusiano wa mtu na maji haujachorwa mle. Unafanyika, kila mtu anaposimama pale na kutazama.

Sasa Mwenze. Ah, Mwenze Kibwanga! Alizaliwa 1925, akafariki 1999, na kama Pilipili ni maji, yeye ni udongo. Rangi zake ni chache mno: kahawia, manjano ya mfinyanzi, nyeusi, nyekundu ya barabara zetu wakati wa kiangazi. Na anachora kwa mistari mifupi tu, maelfu ya mistari mifupi iliyolala sambamba, hii inakwenda huku, ile pembeni yake inakwenda kule. Baba yake alikuwa mfumaji, na ukiwa umesimama mbele ya picha huhitaji kuambiwa. Hii ya sebuleni ina mwindaji na paa. Mwindaji amepiga goti, paa amegeuza shingo. Mistari ya paja la mwindaji inaelekea kwenye nyasi, nyasi zinaelekea kwenye ubavu wa paa, ubavu unaelekea kwenye mti, na mti unarudi kwenye mgongo wa mwindaji. Nilijaribu kutafuta mahali mtu anapoishia na mnyama anapoanzia. Mpaka upo, lakini umetengenezwa kwa kubadili mwelekeo wa mistari tu. Wote wawili wamefumwa kwa uzi uleule! Na mmoja wao yuko karibu kumuua mwenzake. Hebu tulia na hilo kidogo. Tumezoea kusikia kwamba mtu na mazingira ni kitu kimoja, maneno ya mabango na semina. Mwenze anasema jambo gumu zaidi: ni kitu kimoja, na mshale umeshavutwa.

Ningeweza kuishia kwa Mwenze na ningekuwa nimepata siku yangu. Lakini karibu na mlango wa jikoni kulikuwa na Bela.

Bela hakuwa mtu wa Katanga. Alitoka mbali kaskazini, katika nchi ya Wasara, upande wa Chad, ndiyo maana wengine humwita Bela Sara. Alifika hapa akiwa anafanya kazi nyumbani kwa Romain-Desfossés, akaingia Hangari, na alipopewa rangi akaweka brashi pembeni. Alichora kwa vidole! Alichovya ncha ya kidole, akagusa karatasi, akachovya, akagusa. Picha yote ni miguso. Majani ya mti ni miguso ya kijani na manjano, manyoya ya ndege ni miguso, ardhi ni miguso, na katika hii niliyoiona kuna wanyama wa miguu minne, sijui ni swala au ni farasi wa kwao, wamezunguka mti mmoja mkubwa kama watu waliokuja ngomani. Nilisogea mpaka pua ikawa karibu na kioo. Na pale, kwenye doa moja la njano pembeni ya mti, niliona michirizi ya ngozi. Alama ya kidole! Kidole cha Bela, kilichogusa karatasi hii zaidi ya miaka sabini iliyopita, kipo mle ndani, sehemu ya jani.

Nilimwita Mama aje aone. Alikuwa ameishi na picha ile maisha yake yote ya ndoa na hakuwahi kuiona ile alama. Tulisimama wawili tukibishana ni kidole gumba au cha shahada. Yeye alisema cha shahada, kwa sababu mtu hawezi kupanda majani kwa kidole gumba. Nimekubali.

Nilipotoka nje, Lubumbashi ilikuwa palepale ilipo siku zote, nami niliiona kama kwamba mtu amenisafisha macho. Mbali, juu ya paa, dohani la kampuni ya shaba ya Gécamines, zaidi ya mita 150 kwenda juu, na pembeni yake terili, ule mlima mweusi wa masazo ya tanuri ambao umekuwa saini ya mji wetu. Baiskeli zilikuwa zikiingia kutoka barabara ya Kasenga zimepakia magunia ya makaa marefu kuliko waendeshaji. Kila gunia ni miti ya miombo. Tunapikia pori, tunakula tukiwa tumeligeuza moto, na kila mwaka wachoma makaa huenda mbali zaidi kulitafuta. Hata matofali ya nyumba zetu ni pori: mafundi hubomoa vichuguu, maana udongo wa mchwa unashikamana vizuri, huufyatua na kuuchoma. Na mvua ikinyesha, kwenye vichuguu vilivyosalia uyoga huota, mwingine mkubwa kama mwavuli, na akina mama huupanga kando ya barabara. Nani alisema watu wa mjini wametengana na pori? Tunaishi ndani yake, tunalikalia, tunalimeza. Tulichopoteza ni kulitazama.

Hapa nina jambo ambalo haliachi kunisisimua kila nikilifikiria. Kwenye vilima vya Katanga vyenye shaba nyingi, miti haioti. Shaba ni sumu kwa mizizi. Hubaki nyasi na maua mafupi ya buluu na zambarau yaliyojifunza kuishi pale ambapo mengine hufa, na baadhi yake hayapatikani popote duniani isipokuwa kwenye vilima vichache vya huku. Wachimbaji waliyasoma maua hayo kama ramani. Kuna moja, Haumaniastrum katangense, linalofuata udongo wa shaba kwa uaminifu kiasi kwamba wataalamu wa mambo ya kale waliona limeota mahali pasipo mgodi, wakachimba chini yake, wakakuta mabaki ya matanuri ya wahenga! Ile misalaba midogo ya shaba, iliyotumika karne nyingi kabla hajafika Mbelgiji yeyote, ile inayokutwa makaburini huko Sanga kandokando ya ziwa Kisale, ilitoka kwa watu walioweza kusoma kilima kwa ua. Na sasa mengi ya maua ya vilima hivyo huondoka kilima kikianza kuchimbwa.

Mimi naona Pilipili na wenzake walikuwa wakifanya kazi ya aina hiyo. Walisoma nchi wakati tanuri likiwaka mgongoni mwao. Sidhani walichora pori kwa kulikumbuka tu kama mtu anayekumbuka kijiji. Katika mji ambao kila kitu cha ardhini kilikuwa na bei kwa tani, wao walikaa chini na kuonyesha gamba moja, kisha gamba jingine, kisha jingine, bila kuruka hata moja.

Usiku ule sikulala mapema. Nilitoa vitabu vyote vya picha nilivyonavyo na nikarudi kwa Sammy Baloji, mtoto wa mji huu, aliyezaliwa 1978, na nikajikuta nikimwona upya naye! Wengi wanamjua kwa Mémoire, zile picha alizounganisha wafanyakazi wa zamani wa mgodi na magofu ya viwanda vya leo. Lakini mimi nilikimbilia Essay on Urban Planning ya 2013. Ni picha kumi na mbili ukutani: Lubumbashi kutoka angani, na wadudu waliochomwa pini katika masanduku ya Makumbusho ya Taifa hapa mjini, nzi na mbu, safu kwa safu. Kutoka angani unaona ukanda mtupu ulioachwa na wakoloni, upana wa mamia ya mita, kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika, kwa kisingizio kwamba mbu wa malaria hawezi kuruka umbali huo. Na kando yake ipo picha ya zamani ya 1929, ya kampeni ambayo kila mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi hamsini ndipo apewe posho yake ya chakula. Nzi hamsini, ndipo ule!

Mweke Baloji pembeni ya Pilipili, kama nilivyofanya usiku ule mezani, kitabu kwa kitabu. Pilipili anaonyesha kiumbe akiwa hai katikati ya wenzake. Baloji anaonyesha kiumbe akiwa amekufa, amehesabiwa, amegeuzwa kipimo cha nani aishi wapi. Mdudu yule ambaye kwa Pilipili ni chakula cha ndege, kwa mtawala akawa mpaka wa mji. Wamepishana miaka zaidi ya hamsini, mmoja kwa brashi, mwingine kwa kamera na kumbukumbu za serikali, na wanazungumza! Ningetoa kitu cha thamani niione ile meza yangu ikiwa ukuta wa kweli, kazi halisi ubavu kwa ubavu, watu wakipita mbele yake.

Na jambo hilo linawezekana, maana mji una nguvu hiyo. Kituo cha Picha, ambacho Baloji ni mmoja wa waanzilishi wake, kimekuwa kikiandaa Biennale ya Lubumbashi tangu 2008, na ya 2022 ilichagua mada ya sumu, kutoka sumu ya udongo na maji hadi sumu za historia. Hiyo ni mada ya hapa, haikuagizwa kutoka mahali. Mtu anayeishi kando ya mto Lubumbashi haulizi maana yake.

Nitapita haraka kwa wengine, ingawa kila mmoja anastahili kurasa zake. Mode Muntu, aliyezaliwa 1940 na kufa 1985, watu wake wembamba waliojaa vidoti, wanaocheza na kufanya kazi hewani bila ardhi chini yao: mjukuu halali wa Hangari, ingawa alisoma katika chuo cha sanaa. Na Mamba Muntu! Nani aliyekulia zamani katika mitaa yetu ya Katuba au Kenya asiyemkumbuka yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, aliyetundikwa sebuleni karibu na redio, nyoka begani, saa mkononi? Wachoraji wa mitaani walimchora mara nyingi mno, na watu walimnunua kwa mshahara wa mgodi. Hatukumwita sanaa. Alikuwa tu mkazi wa nyumba. Lakini angalia: mfanyakazi anatoka zamu, ameshinda kati ya moto na chuma, anatundika ukutani maji yenye mwanamke anayetoa utajiri na kudai malipo. Alijua vizuri utajiri unaotoka chini unavyodai.

Sasa nina la kusema kwa uchungu, na nalisema kwa sababu napenda. Romain-Desfossés alipofariki 1954, Hangari iliingizwa katika Chuo cha Sanaa alichokianzisha Laurent Moonens 1951, na Pilipili na Mwenze wakawa walimu humo. Kwa hiyo mji huu ulifundishwa kuchora na watu hawa. Lakini mtoto wa mtaa wa Kamalondo anayetaka leo kumwona Pilipili halisi, atakwenda wapi bila kubahatisha? Kazi nyingi ziko Ulaya, kwa watu binafsi, na huzunguka minadani. Mwaka 2015 Paris iliwapanga wote watatu, pamoja na Mode Muntu, katika onyesho kubwa la Beauté Congo la Fondation Cartier, na nimelisoma katalogi lake mpaka limelegea. Furaha na wivu vilinijaa pamoja. Na zile zilizobaki hapa ziko kwenye sebule, zimechorwa juu ya karatasi, na karatasi haina urafiki na jua la Oktoba wala unyevu wa Januari. Mama amezielekeza picha zake mbali na dirisha kwa akili yake mwenyewe, hakuna mtaalamu aliyemfundisha. Ni familia ngapi zinajua? Ni ngapi zimeondoa picha ukutani kwa sababu imepauka, bila kujua jina lililo pale chini pembeni?

Basi nakuomba, wewe unayesoma hapa mjini: kaangalie nyumbani kwa babu. Angalia nyuma ya kabati. Angalia chini kulia, utafute jina. Ukikuta samaki waliojazwa vidoti, au mwindaji wa mistari, usiisugue kwa kitambaa chenye maji, usiiweke mkabala na dirisha, na usimpe mtu wa kwanza anayekuja na dola mkononi kabla hujauliza watu wawili watatu wanaojua.

Na kama utabahatika kusimama mbele ya wote watatu kama mimi, najua utaniuliza nani bora. Nimelizungusha swali hilo kichwani tangu nilipotoka pale. Pilipili ndiye bingwa wa mpangilio, hana mpinzani, na mamba wake ndiye atakayekufuata usiku. Mwenze ndiye mwenye wazo zito kuliko wote. Lakini mimi namchagua Bela, bila kusita! Wenzake wawili wanakuonyesha pori. Bela aliligusa, jani kwa jani, kwa ngozi yake mwenyewe, mtu wa ugenini akipanda miti ya kwao kwenye karatasi ya Katanga. Anza naye. Sogea karibu kuliko adabu inavyoruhusu, mpaka upumuaji wako uguse kioo, utafute lile doa la njano upande wa kushoto wa shina. Kisha niambie ni kidole kipi.